Mhuri Uliorudi Ijumaa

Kwa miaka ishirini hakuna karatasi iliyoingia katika mahakama ya Kaunti ya Coley bila kupita chini ya mkono wa kulia wa Verlene Tidmore. Wakili angeweza kuandika hoja ya kumtoa sherifu machozi, lakini mpaka Verlene aipige mhuri, hoja hiyo ilikuwa karatasi tu, sawa na ile ya kufungia samaki. Mawakili walilijua hilo. Ndiyo maana wakati wa Krismasi dirisha la masijala lilijaa keki za njugu na mitungi ya jemu ya pichi, na Verlene alizipokea zote bila kumwahidi mtu chochote.

Mhuri wenyewe ulikuwa wa chuma, mpini wa mti, na magurudumu madogo ya mpira ya kugeuza siku, mwezi na mwaka. Makarani wengine wa Alabama walipiga mhuri ukurasa wa kwanza tu. Verlene alipiga kila ukurasa. Mwaka wake wa kwanza kazini ulipotea ukurasa mmoja wa wosia wa mkulima wa karanga, na wana wawili wa mkulima huyo hawajasalimiana mpaka leo, ingawa mashamba yao yamepakana. Basi alipiga kila ukurasa, na alipokuwa akipiga alisoma. Si kwa umbea. Macho yalikuwa pale na maneno yalikuwa pale.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 1986, makarani wenzake waliikwepa kana kwamba inauma. Verlene alipelekwa Montgomery siku tatu kujifunza, akarudi na cheti na ilani ya kubandika ukutani. Ilani ilisema kwamba kwa sheria ya jimbo, kufungua, kusoma au kunakili taarifa za kompyuta bila idhini ni kosa la jinai. Aliibandika mwenyewe juu ya kioo cha kompyuta, akainyoosha kwa rula. Katika vitabu vya sheria vilivyokuwa nyuma ya kiti chake, sheria hiyo na ile ya hukumu ya kifo zilikaa ndani ya juzuu moja, na mtu aliweza kutoka moja hadi nyingine kwa kulowesha kidole mara mbili tatu. Verlene hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

Kila Ijumaa saa kumi na robo jioni alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alinakili kazi zote za wiki kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye tepu, akaifungia tepu kwenye sefu. Aligeuza mhuri usome Jumatatu. Kisha aliupangusa mpira kwa kitambaa, akaenda nyumbani kwa Hoyt, mumewe, ambaye mgongo wake uliharibikia kiwandani na ambaye dawa zake zililipwa na bima ya kazi ya Verlene.

Agosti 1994 mahakama ilimsikiliza Denny Ray Lolley. Lolley alimpiga risasi mwenye duka la chambo kando ya ziwa, na hakuna aliyebisha, hata yeye mwenyewe. Mjane wa marehemu alikaa kanisani safu mbili mbele ya Verlene. Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa kimoja: kifo au kifungo cha maisha. Kwa upande wa mshtakiwa alikuja shahidi mmoja tu, mwalimu mstaafu wa darasa la tatu. Alisema mama wa Denny Ray alikufa mtoto akiwa na miaka minne, na kwamba kwa mwaka mzima kijana huyo alikuja shule amevaa viatu vya kike, vikubwa, vimejazwa magazeti. Alipoulizwa ni vya nani, alisema ni vya mama, anavitunza mpaka arudi.

Jopo la raia kumi na wawili lilipiga kura, saba wakataka kifungo cha maisha, watano kifo. Lakini sheria ya siku hizo ilifanya kura ya jopo kuwa ushauri tu. Jaji aliweza kuuweka kando, mradi aandike sababu zake: yaliyozidisha uzito wa kosa upande huu, yaliyompunguzia mshtakiwa upande ule, na namna alivyoyapima. Jaji Rayford Stallings alikuwa na uchaguzi Novemba. Ijumaa asubuhi, tarehe 26, alitamka kifo kwa sentensi mbili, akasema sababu zimo katika maandishi, akainuka kwenda kula.

Maandishi yaliletwa dirishani na Merle Haygood, katibu wa jaji. Merle na Verlene walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja miaka kumi na minane, na kila mmoja alijua mwenzake huificha wapi sigara.

"Kurasa nane," Merle alisema. "Piga upesi, mwenzangu, mkate wa mahindi unapoa."

Verlene alipiga, na alisoma. Kwenye ukurasa wa nne iliandikwa: *Mahakama ilimsikia mama wa mshtakiwa akilia na kumwombea mwanawe, ikamwona ni mkweli, lakini machozi ya mama hayawezi kushinda uzito wa kosa hili.* Mkono wake ulisita, kisha ukaendelea. Alidhani labda siku ile mwanamke huyo alitoa ushahidi yeye akiwa ametoka. Akapiga mhuri kurasa zote nane, nakala moja akaitia kwenye kisanduku cha wakili wa utetezi, Bwana Gantt, mzee aliyekuja kuchukua barua zake Jumanne kwa Jumanne. Saa kumi na robo akatengeneza tepu, akageuza mhuri, akaenda zake.

Usingizi wa Jumamosi haukuwa na raha, maana alikwishakumbuka viatu. Marehemu hatoi ushahidi.

Jumatatu alifungua droo, akautoa mhuri. Ulisoma Ijumaa.

Aliutazama muda mrefu. Watu hukosea, na Verlene alikuwa tayari kuamini kwamba amekosea yeye, ila katika miaka yote ile hakuwahi kuondoka Ijumaa bila kuugeuza, kama vile hakuwahi kuondoka bila viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jalada la Lolley. Kurasa nane, mhuri wa Ijumaa kila ukurasa. Kwenye ukurasa wa nne hapakuwa na mama. Palikuwa na mwalimu wa darasa la tatu, aliyesikilizwa kwa heshima na kupimwa na kuonekana mwepesi. Kwenye kisanduku cha Gantt ilikuwa vivyo hivyo.

Alisikia hasira, na alishangaa hasira yenyewe ilikuwa ya nini. Haikuwa ya Denny Ray Lolley. Verlene aliamini hukumu ya kifo kama alivyoamini ubatizo, na mtu wa duka la chambo alikuwa amemuuzia Hoyt nyungunyungu miaka kumi. Ilikuwa ya mhuri. Mtu amechukua mkono wake, mwenyewe asipokuwepo, akaulazimisha useme uongo.

Mchana walikaa na Merle kwenye benchi la nyuma ya jengo, kila mmoja na bakuli lake la kunde.

"Mlifuata hukumu ya nani?" Verlene aliuliza.

Merle aliacha kutafuna. "Unasema nini?"

"Usinizunguke, Merle. Ile ya Lolley. Mliiandika juu ya ya nani?"

"Ya Boatwright," Merle alisema. "Jaji aliniambia nifuate ya Boatwright. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Unafungua ya zamani, unabadilisha jina, unabadilisha kosa. Mama yake Boatwright alilia siku nzima, unamkumbuka, yule mwenye kofia ya zambarau. Nikamsahau mle ndani. Basi! Nimekosea."

"Na jaji alisoma kabla hajatia saini?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona hakusoma."

"Basi umeshajijibu. Jumamosi akaja kwangu nyumbani, uso mwekundu, amesoma sasa. Tukaja, tukarekebisha. Haki imetendeka. Sasa hukumu ni sahihi."

"Na mhuri wangu?"

"Ee Mungu wangu, Verlene, mhuri! Ni mpira na wino!"

"Ingekuwa ni mpira na wino, msingeutafuta kwenye droo yangu."

Merle aliweka bakuli chini. Hakuwa mwanamke mbaya, na sauti yake ilishuka. "Sikiliza. Ile ya kwanza haipo tena. Imechanwa, na kwenye kompyuta nimeandika juu yake. Ukiitafuta, utaitafuta kwenye faili za jaji, na faili za jaji ni za jaji. Ile ilani umeibandika wewe mwenyewe. Kwa rula, nakumbuka, tulikucheka."

Ndipo Verlene alipokumbuka tepu. Ilitengenezwa Ijumaa saa kumi na robo, kabla ya Jumamosi na uso mwekundu. Ukurasa wa nne ulikuwa umelala ndani ya sefu, mama akilia.

Kuwa na tepu ilikuwa kazi yake. Kuirudisha kwenye kompyuta ili kufungua faili ya jaji na kuichapa haikuwa kazi yake. Ilihitaji idhini ya maandishi ya jaji huyohuyo. Alisubiri hadi Jumatano, Merle alipokwenda kwa daktari wa meno. Akakaa mbele ya kioo, chini ya ilani, saa nne ya asubuhi watu wakipita, akaingiza tepu, akafungua, akachapa kurasa nane. Mashine ilipiga kelele kama cherehani. Hakuna aliyegeuka, kwa kuwa ni Verlene. Alizikunja karatasi, akazitia kwenye mkoba chini ya sandwichi, na mchana ule hakula.

Baada ya hapo alikaa wiki tatu bila kufanya lolote, na hilo lisifichwe. Wakili alikuwa na siku thelathini za kuomba hukumu iangaliwe upya pale pale ilipotolewa. Verlene alizijua siku hizo kuliko Gantt mwenyewe; alizihesabia watu miaka yake yote ya kazi. Kila asubuhi aligeuza gurudumu la mhuri, na kila alipogeuza alijua ni ngapi zimebaki.

Alimwambia Hoyt jikoni, akikaanga kambare.

"Aliua au hakuua?" Hoyt aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Aliua."

"Basi mimi sioni shida iko wapi. Jaji angeandika mama, angeandika shangazi, angefika palepale."

"Pengine."

"Kwa hiyo unataka umwage unga, unitoe mimi kwenye bima, usimamishwe kizimbani kama mwizi, ili jaji afike palepale."

Verlene aligeuza samaki. "Hoyt, wale watu saba walikaa wiki mbili wakasikiliza. Mwalimu wa watu ana miaka themanini, kapanda basi kutoka Dothan. Jaji hakusikiliza hata mmoja wao, alifungua karatasi ya mtu mwingine akabadilisha jina. Mtu anauawa kwa karatasi ile. Na karatasi ile ina mhuri wangu."

"Mhuri, mhuri. Miaka ishirini naishi na mhuri."

"Ulijua ulichooa."

Hoyt alicheka kidogo, kisha akaacha. Alisema mgongo ni wake na ataubeba mwenyewe. Hakusema kwa moyo mkunjufu. Alisema kama mtu anayelipa kodi. Lakini alisema, na Verlene alitia kambare kwenye sahani akaona, kwa mara ya kwanza baada ya muda, kuwa aliolewa vizuri kuliko dada zake walivyotabiri.

Alhamisi tarehe 22 Septemba alikwenda ofisini kwa Gantt. Mzee alikuwa amelala mezani, shavu juu ya gazeti. Verlene aligonga meza kwa kidole cha pete.

"Bwana Gantt, una siku tatu, na ya mwisho ni Jumapili. Kwa hiyo una kesho."

Gantt alisoma ukurasa wa nne. Akausoma tena, akatoa na nakala yake ya kisandukuni, akaziweka sambamba. Macho yalimtoka usingizi kabisa.

"Bi Verlene, umeipataje?"

"Nimeiba. Andika hivyohivyo."

"Nikiiwasilisha, watakuuliza. Nami sitaweza kukukinga."

"Sikuja kukingwa. Iwasilishe kabla ya saa kumi na moja. Nitaipiga mhuri mwenyewe."

Na aliipiga, Ijumaa saa nane na nusu, kurasa zote.

Jaji Stallings alijitoa kwenye shauri hilo, akaletwa jaji kutoka kaunti ya jirani, mwanamke mwembamba mwenye mafua. Verlene alikula kiapo. Mwendesha mashtaka hakumuuliza kama ukurasa ulikuwa wa kweli. Alimwomba asome ilani iliyong'olewa ukutani ikaletwa mahakamani kama kielelezo. Verlene aliisoma kwa sauti, mpaka mwisho.

"Nani aliibandika?"

"Mimi."

"Ulikuwa na idhini ya kufungua faili ile?"

"Sikuwa nayo."

"Ulijua ni kosa la jinai?"

"Bwana, mimi ndiye niliyekufundisha kuwasha ile mashine. Nilijua."

Watu walicheka kidogo kwenye mabenchi. Mjane wa duka la chambo hakucheka. Alimtazama Verlene wakati wote, na Jumapili iliyofuata alihamia safu ya mbele kabisa ili wasikutane mlangoni wakati wa kutoka. Hilo lilimuuma Verlene kuliko maswali yote, na hakupata dawa yake.

Merle aliitwa naye. Aliapa, akakaa, akatazama mikono yake, akasema kweli tupu, kofia ya zambarau na yote. Tangu siku hiyo hawakula pamoja tena. Haikuwa chuki, ila kila mmoja aliona aibu mbele ya mwenzake.

Yule jaji mwenye mafua alifuta hukumu ya Ijumaa. Alisoma mwenyewe kumbukumbu zote za kesi, ikamchukua mwezi, kisha akafuata kura ya wale saba: kifungo cha maisha, bila kutoka. Novemba, Jaji Stallings alichaguliwa tena kwa kura nyingi kuliko awamu iliyotangulia. Picha yake ya rangi ya mafuta iko ukumbini hadi sasa, ameshika kitabu kilichofunguliwa.

Verlene alikiri kosa dogo la kompyuta. Alipewa mwaka mmoja gerezani, ukasimamishwa asiutumikie, na miaka miwili ya uangalizi, kwa sharti kwamba asiguse kompyuta yoyote ya serikali. Kazi ilikwisha, miaka mitano kabla ya pensheni kamili. Bima ilikwenda na kazi. Alipata nafasi ya kukata vitambaa kwenye duka la mapazia, na Hoyt alijifunza kulala sakafuni.

Masika yaliyofuata ilikuja barua, imefunguliwa na kupigwa mhuri wa gereza. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayebonyeza kalamu kwa nguvu.

*Bi Tidmore. Wakili ameniambia ulichofanya na kilichokupata. Sijui namna ya kushukuru kwa jambo kama hilo, kwa hiyo sitajaribu, utaniwia radhi. Naandika kuomba. Ule ukurasa wa kwanza, uliokosewa. Naweza kupata nakala? Najua ni mama wa mtu mwingine. Lakini jina juu ni langu. Hakuna karatasi nyingine duniani inayosema mama yangu alikuja.*

Verlene aliisoma akiwa amesimama kando ya sanduku la barua, kisha akakaa kwenye ngazi na kulia, kwa sauti, hadi Hoyt akaja mlangoni kuuliza nani amekufa.

Ukurasa wa nne sasa ulikuwa kielelezo katika kesi iliyokwisha, na kielelezo ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kuomba nakala iliyothibitishwa. Jumatatu aliomba ruhusa ya saa moja dukani. Kwa mara ya kwanza alisimama upande wa nje wa dirisha, akagundua kuwa lilikuwa juu mno kwa mtu wa kimo cha kawaida, na kwamba watu wote wale, miaka yote ile, walizungumza naye wamenyanyua kidevu.

Ndani alikuwa msichana aitwaye Leanne, mgeni, mwenye kucha ndefu. Alimtambua, akaona haya, akalitafuta jalada kwa haraka. Alitoa nakala, akaandika chini kuwa ni nakala ya kweli, akautwaa mhuri.

"Ngoja, mwanangu," Verlene alisema.

Leanne alisimamisha mkono hewani. "Nimekosea nini, Bi Verlene?"

"Bado unasoma Ijumaa. Geuza."

Msichana aliutazama mhuri, akaligeuza gurudumu kwa ncha ya ukucha, siku tatu mbele. Kisha akapiga, sawasawa, chini ya mstari ambamo mama wa Denny Ray Lolley analia na kuonekana ni mkweli. Verlene alisubiri wino ukauke ndipo akaikunja.